Mbasela ya Bana Chanda

Enzi zetu pale Tunduma, mtu akitaka maharage hakuuliza yametoka Mbozi au Ileje. Aliuliza anayapima nani. Wenzangu mliokua wakati ule, mji ukiwa barabara moja, foleni ya malori na vumbi la kumtosha kila mtu, mnajua ninachosema. Ninyi wadogo zetu mliozaliwa mkakuta mizani zinazowaka taa, vumilieni kidogo, nitawaeleza njiani.

Kipimo chetu kilikuwa kisado. Ni lile kopo la rangi la lita nne. Rangi ikishaisha linachemshwa, linasuguliwa kwa mchanga mpaka ndani linang'aa, kisha linaanza maisha yake ya pili sokoni. Kila mama alikuwa na kisado chake na alikijua hata kikichanganywa na vingine kumi. Cha mama yangu kilikuwa na doa la rangi ya bluu karibu na mdomo, doa lililokataa kutoka hata tulisugue vipi, na mkono wa waya alioufunga kitambaa ili usimkate vidole. Kikijaa, Mama alipitisha kijiti juu kusawazisha, akamimina kwenye mfuko wa mteja, halafu akaegemea nyuma na kusema, "Haya, chota mbasela."

Mbasela ni neno la ng'ambo, tulilipata kwa Wazambia, na maana yake ni ile nyongeza anayopewa mnunuzi bila kulipia. Wauzaji wengine waliitoa wao wenyewe, kwa vidole vilivyobana, utadhani wanang'olewa kucha. Mama yangu hakuitoa. Alimwacha mteja aingize mkono wake mwenyewe ndani ya gunia achote anachotaka. Shangazi yangu, dada yake Baba, alimwambia mara nyingi kwamba atafilisika kwa ujinga huo. Mama alicheka tu akasema, "Mwache achote mwenyewe. Mtu ukimwamini anaona haya." Na niliyaona kwa macho yangu. Madereva wa malori wenye viganja vipana kama sahani walichota kwa vidole vitatu, wakasema asante, wakaondoka.

Nakumbuka baridi ya mwezi wa sita ilivyotukamata asubuhi, tukienda shule na kuni kichwani za kupikia uji, miguu imepauka na magoti yana majivu. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi hadi ukiuangalia unaona sura yako, na bado tuligombania ukoko. Mchana tulicheza mdako kwa vijiwe vya changarawe, na jioni rede kwa mpira wa soksi uliojazwa matambara. Ukipigwa nao ukiwa umelowa, mgongo ulikumbuka mpaka kesho yake. Watoto wangu wakiniambia wamechoka kwa kucheza, ninakuta wamelala kwenye kochi na kilichochoka ni kidole gumba.

Mpaka nao haukuwa kitu cha kutisha. Wakubwa walikuwa na mambo yao ya karatasi, lakini kwetu sisi watoto mpaka ulikuwa mfereji. Upande huu Tunduma, upande ule Nakonde, katikati sisi na mpira wetu. Ukirushwa vibaya ukaangukia Zambia, mtu anaruka anaufuata, anarudi. Hapo ndipo nilipompata Chanda. Tulikuwa na umri mmoja, miaka kumi na miwili, naye alikuwa msichana mwembamba, mwenye mbio, na kovu dogo juu ya nyusi alilolipata siku tuliyogongana vichwa tukiufukuza mpira. Kiswahili chake kilichanganyika Kibemba, Kibemba changu kilichanganyika uongo, lakini tulielewana kuliko ninavyoelewana na majirani zangu wa leo.

Mama yake tulimwita Bana Chanda, ndivyo wanavyomwita mama wa mtoto kwao. Alikuwa mwenyeji wa Kasama aliyeolewa Nakonde. Kila Jumanne na Ijumaa alivuka kuja kununua kwa Mama yangu visado kumi vya kablanketi, yale maharage yenye mabaka, akaenda kuyauza kwao kwa kisado chake. Ungemsikia akisalimia kabla hujamwona. "Bana Neema, mulishani mukwai?" Na Mama, Mnyiha wa watu, naye anajibu kwa Kibemba chake cha kuazima, "Bwino, mukwai," wote wawili wanacheka. Neema ndiye mimi. Walikuwa wanakaa wakipiga soga juu ya magunia, na mwisho wa yote Mama anasema chota, na Bana Chanda anachota kwa vidole viwili na gumba. Maharage ishirini hivi. Ilikuwa ni heshima tu, maana maharage ishirini hayapiki hata mboga ya paka.

Mama hakuwa tajiri na sikuwahi kumsikia akilalamikia hilo. Tulikuwa na vyumba viwili, kuku, na kitenge kimoja kizuri cha kanisani. Kila jioni, sufuria ikishakwanguliwa, alituangalia mimi na wadogo zangu wawili akauliza, "Tumeshiba?" Tukajibu, "Tumeshiba." Akasema, "Basi," akaanza kukusanya vyombo. Nilidhani nyumba zote zinafanya hivyo. Nilipokuja kuwa mkubwa ndipo nikagundua kwamba ziko nyumba zina kila kitu na hiyo "basi" haijawahi kusemwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimezunguka kama mtu anayeogopa kubisha hodi.

Likizo moja ya mwezi wa sita Bibi aliugua kule Mbozi, na Mama akaenda kumuuguza. Aliniachia magunia, kijiti na kisado. Shangazi alikuja kulala nasi, ila sokoni nilikaa mwenyewe. Kabla ya kupanda gari Mama alinishika bega akaniambia, "Usibadilishe kitu. Pima ninavyopima." Nilijiona mtu mzima kuliko mwalimu mkuu.

Meza ya jirani ilikuwa ya Zawadi, binti wa miaka kama kumi na sita aliyeuza mchele wa Msangano. Zawadi alikuwa mcheshi, anajua mambo yote, na nilimpenda kupita kiasi. Siku ya pili alikitazama kisado chetu akatikisa kichwa. "Neema, mama yako anawalisha Wazambia bure. Lete nikuonyeshe." Akakigeuza, akakiegemeza juu ya gunia, akachukua mchi wa kinu na kukigonga kitako mpaka kikabonyea kwa ndani. Kwa nje kilikuwa kisado kilekile chenye doa la bluu. Kwa ndani kilikuwa kimemeza kilima. Akanifundisha na namna ya kukitumia: kisikae kitupu hata mara moja mbele ya mteja, kizamishe palepale kwenye gunia, kiibuke kimejaa.

Nataka niseme kweli hapa. Sikutaka pesa. Sikununua hata pipi. Nilitaka Mama arudi akute maharage mengi yamebaki kuliko alivyotegemea, aseme mwanangu ana mkono wa biashara. Nilitaka kusifiwa, basi. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na kila mara naona ni afadhali ningeiba kwa njaa.

Bana Chanda alikuja Jumanne ile. Nilizamisha na kuibua mara kumi, nikisawazisha kwa kijiti kwa madaha ya Mama. Aliniangalia kwa furaha. "Mayo wee, umekua! Unapima kama mama yako." Kisha akangoja. Nilikuwa nimesahau, mpaka alipouelekeza mkono wake kwenye gunia na kuuacha hewani, akisubiri ruhusa. Nikasema, "Chota mbasela." Akachota kwa vidole viwili na gumba. Maharage ishirini. Nilikuwa nimeshamwibia karibu kisado kizima, na yeye aliona haya kuchukua ishirini na moja. Nikainama kuokota punje zilizomwagika, nisimtazame usoni. Ijumaa akaja tena, na Jumanne iliyofuata, na Ijumaa yake, na sikuinama tena.

Wiki ya tatu Chanda hakuonekana kwenye mfereji. Tulicheza rede bila yeye. Mtoto mmoja wa Nakonde alisema amepelekwa kwa bibi yake Kasama kwa sababu ya wizi. Nilicheka, nikadhani ni utani. Chanda na wizi wapi na wapi? Huyo ndiye aliyekuwa akipigwa na mpira anajitoa mwenyewe kabla hajaonwa.

Siku moja kabla Mama hajarudi, nilikigonga kisado kutoka ndani kwa mchi uleule, kitako kikarudi chini. Kikakaa sawa, au karibu na sawa. Mama alipofika alipekua magunia, akashangaa, akaniita mbele ya Shangazi. "Mwanangu una mkono wa biashara!" Maneno yaleyale, neno kwa neno, niliyoyangoja. Akanikaangia mayai mawili peke yangu. Niliyala yote mawili, tena nikafuta sahani kwa ugali.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Bana Chanda alikuja lakini hatukumsikia kabla ya kumwona. Alikaa juu ya gunia bila kuvua kitambaa cha kichwa. Mama akamuuliza kuna msiba? Akasema si msiba, ni mtoto. Akaeleza kwamba wiki tatu mfululizo kila akipima nyumbani visado kumi vinakuwa tisa. Chanda ndiye anayelinda gunia akitoka shule. Amemuuliza kwa upole akakana, amemuuliza kwa fimbo akakana, amemnyima chakula akakana. "Ile kukana ndiyo iliniuma, Bana Neema. Angesema ndiyo ningemsamehe. Juzi nimempeleka kwa mama yangu akafundishwe adabu."

Mama akamuuliza, "Hukufikiri labda kipimo?"

Bana Chanda alimwangalia kana kwamba Mama amejitukana mwenyewe. "Kipimo chako? Kipimo chako mimi nakijua. Nikaona basi mwizi yuko ndani."

Alinunua visado vitano tu siku hiyo akaondoka. Mama akakichukua kisado, akamwaga maharage yote, akakigeuza na kupitisha kidole gumba kwenye kitako, taratibu, akizunguka. Bati likishakunjwa halisahau, limebaki na mikunjo. Hakunipigia kelele. Aliniuliza, "Nani?" Nikasema Zawadi alinifundisha. Akauliza tena kwa sauti ileile, "Nani?" Nikasema mimi.

Akajifunga kitenge vizuri. Akajitwika kisado kichwani, kitupu, kitako kimetazama juu ili kila mtu akione. Ilikuwa saa sita mchana, soko limejaa, jua limesimama. Akaniambia, "Twende."

Aliniita mara moja tu. Nikamwambia tumbo linauma, nikakimbilia choo cha soko, nikafunga mlango kwa kamba. Kati ya mbao kulikuwa na ufa. Kupitia ufa ule nilimwona mama yangu akipita katikati ya watu, watu wakimuuliza mama Neema unaenda wapi na kopo kichwani, naye akijibu naenda kuomba radhi. Alivuka kizuizi, akaingia Zambia, akapotea nyuma ya malori.

Alirudi jioni. Alipika, tukala, na siku hiyo hakuuliza kama tumeshiba. Mimi aliniambia maneno machache tu: "Nimemwambia kisado ni changu na kosa ni langu. Amejua ni wewe, si mjinga. Lakini kwa Chanda sikuweza kukusemea. Akirudi, hilo ni lako."

Bana Chanda alituma barua Kasama siku ileile, na Mama akachangia kuiandika, kwa maana ya kukaa pale na kusema andika hivi, andika vile. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa kwa dereva mmoja. Bana Chanda alikuja nalo sokoni akamsomea Mama, mimi nikiwa nyuma ya magunia najifanya nachambua. Chanda aliandika kwamba amesikia, na hana hasira na mtu wa Tunduma. Ila harudi. Aliandika, "Mama, uliamini kopo kuliko mimi." Bana Chanda alisoma mstari ule mara mbili, mara ya pili hakuumaliza.

Sikuwahi kumsikia mama yangu akilia kabla ya siku ile. Alilia kwa sababu ya jina lake zuri. Miaka yote alipima sawasawa ili mtu asiwe na shaka naye, na ile kutokuwa na shaka ndiyo iliyompiga mtoto wa watu.

Bana Chanda aliendelea kununua kwetu. Hakumnunia Mama hata siku moja, na walicheka tena, ingawa si kwa sauti ile ya kwanza. Lakini hakuchota tena mbasela. Mama alisema chota, naye alijibu, "Imetosha, mukwai," akafunga mfuko. Mkono wake ulibaki juu ya mapaja. Nilitamani siku moja tu achote kiganja kizima, viganja viwili, atubebee gunia lote.

Tangu hapo Mama alipata tabia mpya. Kabla ya kupima alikigeuza kisado, akamwonyesha mteja kitako, akakigonga kwa kidole mara mbili, ngo, ngo, ndipo akazamisha. Wateja walidhani ni mbwembwe. Wakazipenda. Wauzaji wengine wakaiga, hata Zawadi, na baada ya mwaka mmoja ukipita upande wa nafaka ulisikia ngo, ngo kila kona. Wenzangu, najua mnaikumbuka sauti hiyo. Mmewahi kujiuliza ilianzia wapi? Basi ilianzia kwangu, na nimewaacha miaka yote hii mkidhani ni desturi ya uaminifu ya akina mama wa Tunduma.

Mama amefariki. Bana Chanda alikuja msibani, mzee, akiongozwa kwa mkono, akasema mbele ya watu kwamba hajawahi kuona kipimo kama cha Bana Neema. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu yake. Kilikuwa kipindi kizuri cha kuuliza Chanda yuko wapi, nimwandikie. Nikamletea chai. Baada ya miaka miwili tukasikia na yeye amezikwa.

Mimi nina duka sasa, duka la kweli, lenye mlango wa chuma na mizani inayokaguliwa na kubandikwa stika. Haikosei hata gramu. Binti yangu wa kidato cha pili nilimweleza mbasela akaniuliza, "Ni kama bonasi ya bando?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu nilichoka kueleza. Vijana wanaokuja kununua hawaangalii gunia, wanaangalia simu, na namba nyekundu ikitulia kwenye mizani wanalipa wanapanda bodaboda. Hakuna anayemwibia mwenzake, hilo nalikubali. Na hakuna anayejua mwenzake anaitwa nani.

Mwaka jana, wakati watu wanaanza kulima, aliingia mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa. "Mulishani mukwai." Akaomba kilo tano za kablanketi. Nikapima. Mizani ikatulia, na yeye badala ya kupokea mfuko, mkono wake ukaenda juu ya gunia ukabaki hewani. Kisha akauondoa haraka akacheka kidogo. "Samahani dada. Mama alinizoesha vibaya." Nilitazama juu nikaliona kovu kwenye nyusi.

Nilimjua papo hapo. Mnadhani nilisema? Nilisema, "Karibu tena."

Alikuja tena, kila Jumanne. Na mimi nikabuni dawa yangu. Kila nikimfungia mfuko, nilimgeuzia mgongo nikamwongezea bakuli zima la maharage asione. Jumanne baada ya Jumanne. Nilijisifu moyoni kwamba narudisha. Nikiuona mfuko wake umevimba nililala vizuri, na nikaanza kuamini kwamba pengine nikiongeza vya kutosha halitabaki la kusema. Tulisalimiana, tukaongelea mvua, mbolea, bei ya sukari ng'ambo. Mahindi yakaota, yakabeba, yakavunwa.

Jumanne moja ya mavuno aliupokea mfuko, akaufungua palepale na kuurudisha kwenye mizani. Namba ikapita tano. Akaingiza mkono, akachota akarudisha kwenye gunia, akachota akarudisha, kwa utulivu, mpaka ikasoma tano kamili. Kisha akafunga.

"Neema," akasema. Hakuwa amewahi kulitaja jina langu. "Mimi nanunua kilo tano."

Nikasema, "Chanda." Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto aliyekurupushwa.

"Mama aliniambia kabla hajafa nani alikigonga. Nilirudi nikamuuguza, tukayamaliza mimi na yeye. Nikasema nitakwenda Tunduma, nitamkuta, ataniambia mwenyewe. Nimekuja tangu watu wanalima. Maharage kwetu yapo, Neema. Sikuja kufuata maharage."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Na wakati uleule kijana mmoja akaingia akapiga meza kwa ufunguo wa pikipiki, "Mama, nusu kilo fasta," na mimi, mtu mzima mwenye duka, nikageuka kumpimia. Nusu kilo. Nilichukua muda mrefu kuipima, nikiongeza punje, nikitoa punje. Nilipogeuka Chanda alikuwa mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alisema, "Nakaa palepale kwa Mama," akaenda.

Hajarudi. Kisado chenye doa la bluu nimekitoa stoo, nimekiweka juu ya meza karibu na mizani, kitako kimetazama juu. Binti yangu anataka akipandie maua. Asubuhi nyingine nakishika, navaa viatu, nafika mpaka kwenye kona ambapo malori yanapanga foleni, halafu nakumbuka nina mteja, au mvua inataka kunyesha, au pasi ya kuvukia sijui nimeiweka wapi. Enzi zetu hatukuhitaji hata pasi, tuliruka mfereji tukifuata mpira. Nyumba ya Bana Chanda ukitembea polepole ni robo saa. Mama yangu aliujua ukweli saa sita mchana na saa sita mchana akavuka, kisado kichwani, soko zima likimtazama. Mimi bado niko huku.